Kiraka Kina Aibu Gani?

Mhariri aliponiuliza mwaka huu nitaandika juu ya nini, nilimjibu neno moja tu: "Sindano." Akacheka hadi akashika mbavu, halafu akauliza kama ni sindano ya daktari ama ni gani. Nikamwambia sindano ya kushonea nguo. Basi akanipa kurasa zangu na kunionya nisije nikalia wenzangu wakinicheka. Silii ng'o! Niliyoyaona hapa Kitale na kule kwetu Bungoma yamenitosha kuishika kalamu, na acheni nianze na lile linaloniudhi zaidi.

Siku hizi kila shule ya msingi ina "mradi wa takataka". Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika katika madarasa ya chini nchini kote mwaka wa 2019, ndugu zetu wadogo huletewa kazi za mikono nyumbani: shona mkoba, fuma kitambaa, tengeneza mwanasesere, na sharti lake ni kwamba vitumike vitu vilivyokwisha kazi. Nia yenyewe ni njema, sina ubishi. Lakini hebu tembea madukani mjini Kitale jioni moja kabla ya siku ya kupeleka hiyo miradi! Utawakuta wazazi wamepanga foleni wananunua uzi mpya wa sufu, kitambaa kipya, vifungo vya rangi na gundi. Mwingine ananunua soda asiyokuwa na kiu nayo ili apate chupa tupu. Takataka inanunuliwa dukani, tena kwa risiti.

Mdogo wangu wa gredi ya tano alitakiwa kushona mto kwa mabaki ya nguo. Sisi nyumbani mabaki hatukosi. Akachukua fulana ya baba iliyotoboka kwapani, akakata vipande viwili, akavishona pande tatu, akaupindua ndani nje, akajaza soksi kuukuu zilizokatwakatwa na sponji la godoro lililokuwa limelika pembeni, kisha akafunga upande wa nne. Ulikuwa mto wa kweli. Hata paka aliulalia usiku huo na kuondolewa kwake kukawa vita. Kufika shuleni, na shule yenyewe siitaji, akaambiwa "hauvutii". Sifa zikaenda kwa mto wa satini mpya yenye kung'aa, uliobandikwa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa TAKATAKA NI MALI. Mtoto akarudi nyumbani akaniuliza, "Kwani takataka yetu si takataka?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ninavyoona mimi, mradi wa namna hiyo unamwumiza mzazi mara mbili. Ametoa pesa ambazo mtaala ulikusudia asizitoe, na mtoto wake amefundishwa kwamba kitu kuukuu ni cha kuigiza siku ya maonyesho tu, kikimalizika anarudi kukionea haya. Na huko kuona haya ndiko ninakotaka kukupigia kelele.

Mwalimu wangu katika mambo haya ni kukhu. Sisi Wabukusu nyanya twamwita kukhu, na wangu anakaa karibu na soko la Chwele, katika kaunti ya Bungoma. Sijawahi kumsikia akitamka neno "mradi". Lakini nyumbani kwake hakuna kitambaa kinachokufa. Kikishindwa kuwa gauni kinakuwa foronya, foronya ikichoka inakuwa kishikio cha sufuria, kishikio kikiungua kinakatwa kuwa utambi ama kinasokotwa kuwa ngata ya kubebea mtungi. Nitaeleza kazi zake kidogo kwa sababu wengi wetu tunasema "kutumia tena" bila kujua inafanywaje.

Chukueni sweta. Pale sokoni Kitale nguo za mtumba zikishachaguliwa na kuchaguliwa tena, hubaki rundo la mwisho ambalo wauzaji wanaliita fagia. Kukhu akija kututembelea anakwenda moja kwa moja kwenye fagia. Analishika sweta, analipindua ndani nje na kutazama mshono wa ubavuni. Kama vipande viwili vimeunganishwa kwa uzi mmoja unaopita kama mnyororo, analitia kikapuni. Kama ukingo umekatwa na mashine kisha ukazungushiwa nyuzi nyembamba nyingi, analirusha hata kama rangi yake inapendeza namna gani. Mimi nilidhani ni ukaidi wa uzee hadi aliponionyesha. Sweta la kwanza kila kipande kilifumwa chenyewe, uzi ukifika ukingoni unageuka na kurudi, kwa hiyo ukiufumua unatoka mmoja mrefu. La pili lilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kipana, kwa hiyo kila mstari umekatika ukingoni, na ukifumua unapata vipandevipande vya kujazia mto. Lile la sufu halisi lililofuliwa kwa maji moto likasinyaa na kugandana, hilo halifumuki kamwe. Huyo analinunua pia, lakini kwa ajili ya kukata soli za ndani za viatu.

Kufumua nako kuna adabu yake. Huanzi popote. Unatoa kwanza mikono, unafungua mishono ya ubavuni na mabegani, halafu unaanzia juu, kwenye shingo, kwa maana mfumaji kwa kawaida alianza na pindo la chini akamalizia juu, nawe unamfuata kinyumenyume. Uzi hutoka umejikunja kama nywele zilizosukwa wiki tatu. Kukhu huuzungusha kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, huufunga mahali panne ili usije ukajitatiza, huufua kwa maji vuguvugu na kuuanika ukiwa umening'inizwa kikombe ili uzito uunyooshe. Ukikauka, hata mwenye duka hawezi kukuambia kama ni mpya ama wa zamani. Sindano yake ya kufumia ni spoku ya baiskeli iliyonolewa juu ya jiwe na kutiwa ndoana kwa tupa. Spoku kwetu hazikosekani. Upande huu wa nchi ni wa baiskeli, na lile neno bodaboda ambalo sasa linatumiwa Kenya nzima lilizaliwa mpakani Busia, watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka.

Vitambaa vya makochi mnavyoviona katika sebule nyingi za Magharibi, vile vya mviringo na vya mraba ambavyo mgeni akivikalia vibaya huteleza naye, kwa kukhu vyote vilikuwa sweta za watu wasiojulikana huko ng'ambo. Nikivitazama huwa najiuliza yule mwenye sweta la buluu alikuwa nani. Lakini hayo tuyaache.

Gunia nalo lina kazi yake. Yale ya kilo 90 ya kuhifadhia mahindi siku hizi ni ya nailoni iliyosokotwa, na ukilikata tu nyuzi zinaanza kukimbia. Dawa yake ni kukunja ukingo mara mbili na kuushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Halafu fulana kuukuu zinakatwa mikanda ya upana wa vidole viwili, inatobozwa kwenye gunia kwa ile ile spoku, kitanzi baada ya kitanzi, hadi gunia lote linafunikwa manyoya. Hilo ni zulia ambalo limekanyagwa nyumbani kwa kukhu tangu kabla sijazaliwa. Tahadhari moja tu, na wenzangu wa Kitale mnaikariri kwa sababu tumezaliwa penye makao ya Kenya Seed tangu 1956: mfuko uliobeba mbegu si gunia la kuchezea. Mbegu za mahindi hupakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, ndiyo maana hutiwa rangi. Mfuko huo usiushone mkoba wa chakula wala mto wa mtoto, hata uufue mara ngapi. Magunia ya dawa za shambani ni hivyo hivyo. Anayeniambia kila kitu kinaweza kutumiwa tena hajafikiri vizuri.

Zamani kulikuwa na kazi nyingine, ya karatasi za nailoni. Mama anakumbuka mikeka, mikoba na kofia zilizofumwa kwa mifuko ya plastiki iliyokatwa mikanda. Ilikwisha tarehe 28 Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko hiyo na kuweka faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, ama kifungo, ama vyote viwili. Kuna watu walionung'unika kwamba malighafi imekwisha. Mimi nafurahi. Afadhali kukosa mkeka mmoja kuliko ng'ombe kufa tumbo limejaa nailoni.

Na sasa shuka, kazi ninayoipenda kupita zote kwa sababu ya akili iliyomo. Shuka huchakaa katikati, mahali tunapogeukia usiku, lakini pembeni hubaki imara kama siku iliponunuliwa. Kukhu huichana kwa urefu katikati kabisa, akazichukua zile kingo mbili za nje na kuziunganisha ziwe katikati mpya, kisha akapinda pindo kwenye kingo zilizochakaa, ambazo sasa ziko pembeni zisikosuguliwa na mtu. Shuka inaishi miaka mingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye anaziba kabla ufa haujaonekana.

Kuna wanaodhani haya ni mambo ya ufukara wa kijijini tu, ama kinyume chake, ni mtindo uliokuja na mtaala mpya. Wote wamepotea njia. Tazameni leso. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa kwenye mtande mmoja bila kukatwa, wakavikata vitatu vitatu, wakashona safu mbili pamoja na kupata nguo pana ya kujitanda. Jina lenyewe linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Baadaye wafanyabiashara wakaona afadhali wachape nguo nzima. Yaani nguo ambayo leo haikosi katika harusi wala matanga ilianza ikiwa vipande vilivyoungwa kwa mkono!

Kule Bengali wanawake wamekuwa wakipanga sari kuukuu moja juu ya nyingine na kuzishona pamoja kuwa blanketi, wakitumia nyuzi zilizochomolewa kwenye pindo za sari zenyewe. Marekani, katika miaka ya 1930, wenye viwanda vya unga waligundua kuwa akina mama wanashona magauni ya watoto kwa magunia ya pamba, basi wakaanza kuyachapa maua ili wauze zaidi. Uingereza ilipokuwa vitani, nguo zilianza kugawiwa kwa kuponi Juni 1941, na mgao huo haukuondolewa hadi 1949. Mwaka wa 1943 serikali ilitoa kijitabu cha kuwafundisha raia kutia viraka, na ile hila ya shuka waliijua vizuri. Kukhu hajakiona kijitabu hicho.

Lakini nisije nikawa mgema aliyesifiwa tembo akalitia maji. Wako wanaosimama kwenye maonyesho na kusema kwamba sindano itatuokoa na mlima wa mitumba. Haiwezi. Inakadiriwa kwamba mwaka wa 2019 peke yake Kenya iliingiza tani zipatazo 185,000 za nguo za mitumba. Fumueni sweta usiku na mchana, kina mama wote wa Bungoma na Trans Nzoia, hamtafika hata kwenye pindo la mzigo huo. Mwaka wa 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizo sokoni hatua kwa hatua hadi 2019. Marekani ikakunja uso, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka wa 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa katika nafuu ya ushuru ya AGOA. Mnamo 2020, wakati wa korona, sisi tulifunga milango ya mitumba kwa miezi michache tu na watu wengi wakakosa unga. Mama jirani yetu anayeuza nguo za watoto alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo mimi siwezi kuimba "mtumba utoke" wakati mtumba ndio umewalipia karo wenzangu ninaokaa nao darasani.

Hata hivyo inauma ukikumbuka kwamba Malakisi, kwetu Bungoma, palikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, Kisumu kulikuwa na Kicomi, na Eldoret Rivatex ilisimama hadi ikaanguka, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka wa 2007 na ikafunguliwa upya ikiwa na mashine mpya mwaka wa 2019. Lawama si ya mtumba peke yake. Wakulima waliocheleweshewa malipo waling'oa pamba wakapanda miwa. Ninachosema ni kwamba mtu asiyejua mshono hajui thamani ya nguo, na asiyejua thamani ya nguo atanunua chochote atakachouziwa, kipya ama kikuukuu.

Sasa nije kwenu, wavulana wenzangu. Naam, mimi ni mvulana, kidato cha tatu, na nashona. Nilipoonekana bwenini nikitia kifungo kwenye shati, mmoja alinisimamia akasema, "We boss, hiyo si ni kazi ya wasichana?" Nikamwuliza suruali yake ilipasuka wapi muhula jana. Akasema, alianguka uwanjani. Nani aliishona? "Fundi, pale mjini." Fundi huyo ni mwanamume? Akanyamaza. Ndugu zangu, pitieni veranda za maduka ya Kitale mhesabu. Wanaokanyaga cherehani pale wengi wao ni wanaume wenye ndevu, wanasomesha watoto kwa uzi na pasi ya makaa, na hatujawahi kusikia mtu akiwaita wasichana. Inakuwaje sindano iwe ya kiume ikilipwa na ya kike ikifanywa bure? Anayeweza kunijibu aandike katika toleo lijalo, mhariri atampa nafasi.

Tena haikuwa hivyo zamani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, sayansi-kimu ilifundishwa katika shule za msingi kwa wote, wavulana kwa wasichana. Mjomba wangu aliyemaliza darasa la nane miaka ya tisini alishona aproni kwa mkono na bado anajua kupiga bandi, yaani kushikiza kwa mishono mirefu kabla ya ule mshono wenyewe. Shangazi humtania, lakini watoto wake hawaendi shuleni na pindo linaloning'inia.

Nikisema hivyo nafika kwenye kiini cha maneno yangu, na hapa naomba walimu wanisikilize kwa subira. Katika shule moja ninayoifahamu, mwanafunzi wa kidato cha pili alirudishwa nyumbani muhula uliopita kwa sababu sweta lake lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko. Si tundu, kiraka. Mama yake alikuwa amekata kipande cha sweta la kaka mtu, rangi ile ile ila imepauka kidogo, akakishona vizuri. Mwanafunzi akaambiwa arudi na sweta jipya. Mama ni mtu wa vibarua vya kupalilia mahindi, na sweta la shule halinunuliwi kwa kibarua cha siku moja. Mtoto alikaa nyumbani siku nne. Siku nne za hisabati na kemia, kwa kosa la kushonewa nguo!

Hapo ndipo ninapokasirika. Asubuhi shule hiyo hiyo huwahimiza wanafunzi darasani wasitupe, watumie tena. Ukifika mlangoni kwenye ukaguzi, aliyetii somo ndiye anayeandikwa jina. Mnasema kuchakata taka ni kuzuri, mradi ziwe taka za kutundika ukutani? Nguo ya shule iliyotengenezwa ndiyo kazi ya mikono iliyo ya kweli kupita mito yote ya satini, kwa sababu inavaliwa, inanyeshewa, inafuliwa Jumamosi na Jumatatu iko paredi.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito wake. Mwalimu mmoja aliniambia kwa upole, "Kijana, tukiruhusu viraka, kesho watakuja na viraka vya kila rangi, na sare itakuwa sare ya jina." Ni kweli kwamba kuna wenzetu wangegeuza ruhusa hiyo kuwa mitindo. Nawajua, wengine nalala nao bweni moja. Lakini hilo linatibika kwa sheria fupi: kiraka kiwe cha rangi ya sare, kitiwe kwa ndani panapowezekana, kingo zikunjwe, na mishono iwe midogo. Mwenye tundu aambiwe alizibe, apewe siku mbili na sindano. Mwenye kiraka nadhifu ahesabiwe kuwa amevaa sare kamili. Hapa shuleni kwetu kanuni inataka sare "safi na nzima". Haijasema kitu juu ya kiraka, na kila zamu inaisoma inavyopenda. Ninaomba iandikwe waziwazi, kabla ya mwaka ujao, kwamba iliyotiwa kiraka vizuri ni nzima.

Pia naomba jambo dogo kwa wanaosomea sayansi-kimu. Katika mtihani wa KCSE wa ushonaji hupewa patani na kitambaa, wakakata na kushona kwa saa mbili na nusu. Mazoezi ya mtihani huo sasa hivi yanafanyiwa kwenye kitambaa kipya kinachoandikwa katika orodha ya mahitaji ya mzazi. Kwa nini? Kingo za shuka kuukuu ni pamba laini, zinakatika vizuri, zinashikika vizuri, na ukikosea hujamkosesha mtu pesa. Kitambaa kipya kiwekwe kwa zoezi la mwisho.

Nimezungumza na mwalimu wa sayansi-kimu na mlezi wa chama chetu, na hawakukataa. Kuanzia muhula wa kwanza, kila Alhamisi baada ya michezo, chumba cha ushonaji kitakuwa wazi kwa saa moja. Wavulana karibuni. Somo la kwanza ni soksi: kutililia kisigino kilichotoboka, yaani kupitisha nyuzi wima juu ya tundu kisha kulalia kama mkeka, balbu iliyoungua ikiwa ndani ya soksi ili isijivute. La pili ni kiwiko cha sweta. Mtu aje na soksi yake mwenyewe, imefuliwa tafadhali, na kitu chochote cha sufu kinachoweza kufumuliwa. Ukihitaji kujua kama kinafumuka, tazama mshono wa ubavuni. Magunia nitaleta mimi kutoka nyumbani nikirudi na matatu ya Webuye, mawili ama matatu, dereva akinikubalia.

Sindano ziko kumi na mbili, kwa hiyo tutashirikiana wawili wawili. Shazia ni moja tu, na ni ya kukhu. Atakayeivunja atapanda matatu mwenyewe hadi Chwele akamweleze.